Mfungo Usio na Magharibi

Mazungumzo na wanachama wa klabu ya jogging, Dar es Salaam, Jumapili asubuhi baada ya mbio

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nyinyi mmefika hapa kwa miguu mnatweta, mimi nimeshuka kwenye bajaji, kwa hiyo mtanisamehe nikithubutu kuwaambia habari za afya.

Mwenyekiti aliponipigia simu alitaka nizungumzie lishe bora na afya ya akili. Nikamwambia, mwenyekiti, kwenye lishe bora hapo kwenu kila mtu ni profesa. Ningependa nimzungumzie mtu aliyekula vizuri mpaka akaugua. Akacheka sana. Akasema, "Dada, huyo mimi sijapata kumwona." Nikamwambia, "Ndiye unayeongea naye."

Basi nianzie Tanga, nyumbani kwetu, Idi mosi, miaka kadhaa nyuma. Mkeka umetandikwa barazani, masinia mawili ya pilau, kachumbari, pilipili ya kukamulia ndimu. Watu wamezunguka, mikono imenawa. Mimi nikafungua mkoba nikatoa kontena langu la plastiki, lile lenye mfuniko wa kubana. Likalia: pwa! Ndani mna kabichi iliyochemshwa bila chumvi, nusu parachichi, na mbegu za chia zilizolala kwenye maji usiku kucha zikawa kama mayai ya chura. Nilikuwa nimelipakata kontena lile ndani ya basi tangu Dar kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Wadogo zangu wakanyamaza. Mama akalitazama kontena, akanitazama mimi. "Mwanangu, pilau yangu ina nini?"

Ningesema tumbo linanisumbua, yangeisha. Sikusema. Nikatoa somo. Nikaeleza mafuta yakipata moto yanakuwaje, wali mweupe unavyokimbilia kwenye damu, nyama nyekundu inavyofanya hivi na vile. Nilisema mpaka pilau ikaanza kupoa, na hakuna aliyekuwa amemega. Nilipomaliza mama akasema, "Haya." Aliyelelewa pwani anaijua "haya" ya mama. Si ya kukubali.

Upande wa pili wa sinia alikaa baba, magongo yake ameyaegemeza ukutani. Baba ndiye aliyekuwa na kisukari, na mguu mmoja ulikuwa umeshakatwa chini ya goti. Alijitengea pilau yake, matonge machache anayoyajua mwenyewe, akala taratibu, akamalizia na tende moja, akaendelea kuwachekesha wajukuu. Mgonjwa alikuwa anakula Idi. Mzima ndiye aliyekuwa amekumbatia kontena.

Ule mguu ndio chanzo. Watu wakisikia mtu anajinyima chakula hudhani anatafuta umbo. Mimi sikuwa na shida na umbo. Nilikaa na baba wodini wiki tatu, nikaona kidonda kinavyofungwa na kufunguliwa, nikarudi Dar na kitu kimenikaa kifuani. Nikaacha sukari, jambo ambalo halina ubaya. Usingizi ukarudi. Baada ya mwezi hofu ikarudi, nikaacha ngano. Usingizi ukarudi tena. Ikaja zamu ya wali, halafu mafuta ya kupikia, halafu nyama, maziwa, mayai, kisha matunda yakipita saa nane mchana. Kila nilipokata kitu nilipata siku chache za amani, na kila mara zile siku zilipungua.

Hapo ndipo kazi yote ya ugonjwa huu ilipo, na kama mtasahau mengine yote ya leo, hili naomba mlishike. Mtu hakifuati chakula. Anaufuata ule utulivu unaokuja baada ya kukikataa. Hofu inapanda, anajiwekea sharti, hofu inashuka. Akili inajifunza haraka: sharti ndilo dawa. Na kwa kuwa hatujui siku ya kuugua wala ya kufa, hofu haikosi pa kuanzia upya, na dawa ni ileile, ila dozi inaongezwa. Mraibu yeyote mngemweleza hili angewaambia analifahamu.

Jina lake ni othoreksia. Aliyelitunga ni daktari Mmarekani, Steven Bratman, mwaka 1997, katika makala ya jarida la Yoga Journal. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, orthos, kilicho sawa, na orexis, hamu ya kula. Bratman hakuwa akiwasema watu wa mbali. Katika miaka ya 1970 alikuwa mpishi na mkulima kwenye jumuiya moja ya watu waliohamia shamba pamoja huko jimbo la New York, na anasimulia alivyofika mahali pa kutokula mboga iliyopitisha dakika 15 tangu kuchumwa, na kutafuna kila tonge mara 50. Jikoni kwake palikuwa vita. Wengine hawali nyama, na sufuria iliyopikiwa nyama hawaigusi, ikabidi nyama ipikiwe jiko lake. Wengine hawataki kitunguu wala kitunguu saumu. Wengine hawataki kitu kilichopita motoni. Mwanamke yeyote aliyepika shughuli ya ukoo atamhurumia.

Jina lenyewe alilianzisha kama utani, kuwatania wagonjwa wake waliozidi kuhangaika na vyakula. Baadaye akaona utani umempata mtu wa kweli. Mpaka leo halimo kama ugonjwa unaojitegemea katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha 2013, wala katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Wataalamu wanavutana: ni tawi la ugonjwa wa kujinyima kula, ni ndugu wa ule wa kurudiarudia kunawa na kuhakikisha mlango, au ni kitu chake? Vipimo navyo bado vina matatizo. Dodoso linalotumika zaidi linamkamata hata mtu makini tu, asiye na shida yoyote. Kwa hiyo msiniulize Watanzania wangapi wanao. Atakayewatajia asilimia, mwombeni awaonyeshe alivyopima.

Naomba nikae kidogo kwenye lugha yetu, kwa sababu Kiswahili kimeliona jambo hili mapema. Mwiko ni nini? Mwiko ni ule wa kusongea ugali. Na mwiko ni lile usiloruhusiwa kulifanya. Neno moja, jikoni na katazoni. Bibi zetu walikuwa na miko ya chakula mingi tu: mjamzito asile mayai, ukoo huu usile mnyama fulani. Mingine ilikuwa na madhara, mjamzito anahitaji mayai yake, hilo tuliseme wazi. Lakini mwiko wa ukoo ulikufunga pamoja na watu wako. Mliukwepa wote. Mwiko wa othoreksia unautunga peke yako, unaujua peke yako, na kazi yake ya kwanza ni kukutoa kwenye sinia.

Wapo watakaosema, mbona dini nazo zinakataza? Waislamu tuna halali na haramu, Wakristo wana Kwaresima yao. Ni kweli, na mtu mwenye othoreksia hupenda sana kujificha humo. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, watu wakaniona mcha Mungu, kumbe nilikuwa natafuta sababu ya kukataa chai ya ofisini. Tofauti ipo kwenye jua. Mfungo una magharibi. Jua likizama, adhana ikisomwa, unatakiwa ufungue, na kuharakisha kufungua ni sunna. Kwenye mfungo wangu mimi jua halikuwa linazama.

Sasa nije kwenye kitu kinachofanya watu wenye akili zao wanase. Hofu hii haili uongo peke yake. Inakula ukweli, halafu inaunenepesha.

Mfano dona. Niliacha sembe, nikala dona, safi kabisa. Nikasikia habari za sumukuvu. Sumukuvu si uzushi, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu. Hatua ya mtu mzima hapo ni kununua mahindi makavu, kutupa yaliyooza na yenye ukungu, basi. Mimi nilijikuta saa tano usiku nimekaa sakafuni, tochi ya simu mdomoni, nageuza punje moja moja. Yenye doa, weka kando. Yenye kivuli, weka kando. Kilo mbili zilibaki kikombe. Asubuhi nikavitupa na vile vya kikombe, maana vilikaa karibu na vile vya doa.

Hilo la mwisho lina watu waliolichunguza. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya namna Wamarekani wa kawaida wanavyofikiri kuhusu vyakula. Wakakuta si wachache wanaoona kwamba kitu kikiwa kibaya kwa wingi basi ni kibaya hata kikiwa kiduchu, hata chumvi, ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Kipimo kinapotea. Chakula kinabaki makundi mawili, safi na najisi, na najisi inaambukiza kwa kugusana. Sasa mtu huyo ukimwambia "kidogo hakidhuru," unaongea lugha asiyoisikia. Ni sawa na kumwambia mtu kuna tone dogo tu la mkojo kwenye mtungi.

Kwa upande wa chumvi niliacha kabisa. Chumvi yetu ya dukani hutiwa madini joto kwa sababu maalumu, kwa ajili ya tezi la shingo na akili za watoto walio tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku. Halikusema sifuri. Lakini mimi wakati huo kila nilichokisoma kilikuwa kinaishia kwenye sifuri.

Mtaniuliza, kichwa hakikuchoka? Kilichoka, ila kwa namna ambayo sikuielewa mpaka niliposoma jaribio la Minnesota. Mwishoni mwa vita kuu ya pili, 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu za imani, wakajitolea kupunguziwa chakula kwa wiki 24 ili dunia ijue namna ya kuwalisha watu walioshindishwa njaa na vita. Walipungua karibu robo ya uzito. Cha kushangaza ni vichwa vyao. Vijana wale, waliokuwa na mawazo ya amani na masomo, wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wanaramba sahani. Hamu ya wanawake ikaisha, mazungumzo yakawa chakula tu.

Nilipofika hapo nikaifunga kompyuta. Kwa sababu mimi niliyekuwa nakula kabichi nilikuwa pia nalala saa saba usiku natazama video za mapishi. Keki, biriani, watu wa Zanzibar wanaopika urojo. Nilidhani ni udhaifu wa roho, nikajibana zaidi. Kumbe ni mwili wenye njaa unafanya kazi yake: umeiagiza akili iende sokoni.

Kulikuwa na kingine, na hiki kinanitia aibu kukisema mbele ya wazee. Fahari. Nilikuwa nikikaa na watu wanaokula chipsi mayai nawahurumia. Si huruma ya kweli, ile ya kutoka juu. Kazini nilikuwa na bosi asiyenipa nafasi, mapenzi yalikuwa yameniharibikia, fedha za matibabu ya baba zilikuwa zimetumaliza. Jambo moja tu nililiweza kuliko wenzangu wote: kukataa. Ukimnyang'anya mtu wa hivyo mbegu zake za chia, unamnyang'anya cheti chake cha pekee.

Na watu wanakupigia makofi. Mtu akinawa mikono mara 100 kwa siku, jirani ataona kuna tatizo. Mtu akikataa keki ya send-off, ataambiwa "hongera, ungetufundisha." Nilipungua mpaka pete ikawa inadondoka nikiosha vyombo, na wanawake ofisini wakaniomba siri. Simu nazo zina sehemu yake. Mwaka 2017 watafiti wawili wa University College London waliwauliza watu 680 wanaofuata kurasa za vyakula vya afya, wakaona waliotumia Instagram zaidi ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi. Haithibitishi kuwa Instagram ndiyo inayoleta. Inawezekana mwenye hofu ndiye anayekimbilia huko. Mimi nilikimbilia huko, na nilichokuta si mtu wa kuniambia "pumzika."

Mwili ulikuja kusema wenyewe. Hedhi ilikatika miezi mitano. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nikasikia baridi Dar es Salaam, mwezi wa pili! Siku moja nikaanguka kwenye ngazi za ofisini, wakanipima, damu iko chini. Daktari kijana akaniuliza, "Unakula vizuri?" Nikamjibu, bila kumdanganya hata kidogo, "Mimi nakula vizuri sana." Akaandika vidonge vya madini chuma, nikaenda. Nilikuwa mwanasaikolojia, jamani. Nilikuwa na shahada ukutani.

Basi mtu atajuaje kwamba amevuka? Sahani yake haitakuambia. Wawili wanaweza kula mchicha uleule, mmoja ana afya, mwingine anaugua. Angalia siku mpango ukivunjika: gari limeharibika Chalinze, hakuna kitu ila mahindi ya kuchoma na soda. Mmoja ataguna, atakula mahindi. Mwingine atalia, au atashinda na njaa, au atakula kisha ajiadhibu siku tatu. Bratman aliweka swali katika dodoso lake la mwanzo: je, unatumia zaidi ya saa 3 kwa siku kufikiria chakula chako? Nilipojipigia hesabu ya kununua, kuosha, kupanga, kusoma vibandiko na kutazama zile video, nilipita saa sita. Hiyo ni nusu ya siku ya kazi na zaidi.

Wenye kisukari na presha mliopo hapa, msinielewe vibaya na wala msiende kujipakulia leo kwa jina langu. Fuateni mlivyoelekezwa kliniki. Ninachosema ni kwamba baba yangu alikuwa na masharti na bado alikuwa na nafasi kwenye mkeka.

Kuhusu kutoka, nitasema ya kwangu. Mwenzangu wa kazi aliniketisha, hakubishana nami kuhusu chakula hata neno moja. Angebishana ningemshinda, nilikuwa nimesoma zaidi yake. Aliniuliza tu, "Hii imekugharimu nini mpaka sasa?" Nikaanza na pesa. Akasema endelea. Nilipofika kwa mama nikashindwa kumaliza sentensi.

Tukaandika orodha ya vyakula, kuanzia kinachonitisha kidogo mpaka kinachonitisha kabisa. Chini kulikuwa na ndizi mbivu saa kumi jioni. Nile, halafu nikae. Nisitembee kuchoma, nisisome, nisiruke mlo wa usiku. Nikae na hofu mpaka ishuke yenyewe bila kulipwa. Mara ya kwanza ilichukua karibu saa mbili, natoka jasho kwa ndizi! Mara ya nne, dakika ishirini. Tukapanda: chumvi, yai, wali. Mtaalamu wa lishe alikuwa upande wa pili akihakikisha mwili unarudi. Ilichukua mwaka na miezi. Hakuna kidonge kilichotengenezwa kwa ugonjwa huu, ingawa wengine wanahitaji dawa za wasiwasi au sonona iliyoambatana nao, na hilo ni la daktari.

Kwa ndugu wa mtu wa hivyo: "kula tu, bwana" haisaidii, na kumtegea mafuta kwenye mboga ndiyo mbaya kuliko zote, akigundua hatakula tena kwenu. Muweke mezani na kontena lake. Bora kontena kwenye mkeka kuliko mtu chumbani.

Na nyinyi wa klabu, nina ombi moja, mwenyekiti asinikasirikie. Alinionyesha kundi lenu la WhatsApp. Kila Jumatatu watu wanapiga picha mizani. Mmoja ameandika, "Jana nimetenda dhambi, chapati mbili na supu," na chini watu ishirini wanamcheka na kumpa adhabu ya kilomita. Najua ni utani. Utani huo wengi wenu unapita tu. Lakini kati ya watu mia na ushee mliomo, yupo anayeusoma saa sita usiku, na haucheki. Hizo picha za mizani ziondoeni. Hesabuni kilomita, hizo hazina dhambi.

Nimeona mama wa supu ameshafunua sufuria, na macho yenu nayaona yanakoelekea. Nimalizie nilikoanzia.

Idi nyingine, miaka mitatu baada ya ile. Baba hakuwepo tena. Sikuja na kontena. Nilikula pilau, si nyingi, mkono unatetemeka kidogo, na mama hakunitazama hata mara moja, alijishughulisha na wengine makusudi. Watu walipotawanyika nikamfuata jikoni kumsaidia vyombo. Sufuria kubwa lilikuwa bado juu ya mafiga, na chini yake ukoko. Wali ulioungua, mafuta yote yametulia humo, rangi ya kahawia inayoelekea nyeusi. Kwenye ile orodha yangu ulikuwa juu kabisa, namba moja, na sikuwa nimeufikia.

Tulipokuwa wadogo tuliugombania mpaka tukapigana. Mama akaukwangua, krr, krr, hakuuliza, akaugeukia mkono wangu na kunipa kipande bado kimeshika kwenye mwiko.

Nikakipokea hapohapo, tukala tumesimama.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.